Gesi Niliyoiandika kwa Herufi Mbili

Mliponiaga mwezi wa sita mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Nawashukuru. Iko sebuleni kwangu, inakwenda mbele dakika nne, na sijaigusa. Siku hiyo pia mliniomba niwaandikie mambo machache ya kazi, ninyi mnaobaki kwenye kichwa cha meza ya upasuaji, upande ule ambao mgonjwa hauoni. Vyeo na mishahara nitaviruka. Wagonjwa waliniita daktari, madaktari wakaniita "yule wa gesi", nami niliitika kote kuwili.

Jambo ninalotaka hasa kuliandika liko katikati, na ni la aibu. Nasema mapema ili asiyependa kusoma aibu ya mzee aweke karatasi chini sasa hivi. Lakini siwezi kulifikia bila kuanza na Bwana Gathogo, kwa sababu yeye alinionya, na mtu aliyeonywa hawezi kusema hakujua.

Bwana Gathogo ndiye aliyenifundisha kulaza watu. Nilikuwa klinikal ofisa kijana, tabibu asiye daktari kamili, kutoka Machakos, nikapelekwa kwake katika hospitali kubwa ya serikali kusomea dawa ya usingizi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye hasira za karibu, na nyusi ya kushoto iliyoota nusu tu baada ya kuunguzwa zamani na cheche. Siku ya kwanza hakunisalimu. Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa ule mfuko wa mpira unaosukuma hewa kwenye mapafu ya mgonjwa, akasema niukamue kila ninapovuta pumzi yangu mwenyewe. Nikakamua saa mbili nzima. Mwishoni akaniuliza mkono wangu umesikia nini. Nikasema haukusikia kitu. Akasema basi kesho tutakamua tena.

Ilinichukua wiki tatu kuanza kusikia. Mapafu yakikaza, mfuko unakuwa mgumu kabla hujaona lolote usoni. Mgonjwa akitaka kuamka, unamhisi anakunyang'anya pumzi kidogo kidogo. Ninyi mna skrini zenye rangi nne na kengele zinazolia hata mtu akikohoa. Zitazameni, lakini mkono usitoke kwenye mfuko.

Somo lake kubwa lilikuwa la gesi. Alichana ubavu wa katoni ya glavu, akachora mstari katikati. Juu ya safu moja akaandika NGUVU, juu ya nyingine SUMU. Tulikuwa wanafunzi wanne. Akatuuliza kama gesi yenye nguvu zaidi ya kulaza ndiyo yenye sumu zaidi, tukajibu ndiyo kwa pamoja kama kwaya. Akatutazama kama watu waliomtapikia viatu.

Nguvu, alisema, ni kujua ni kiasi gani kidogo kinatosha ili mtu asisogee kisu kikimgusa. Akaanza na gesi za zamani, zile za kaboni na haidrojeni tupu, ambazo aliwaona wakubwa zake wakizitumia au alizitumia mwenyewe. Ethilini ilikuwa dhaifu. Ili mtu alale ilibidi umjaze nayo mpaka oksijeni ibaki kidogo, na midomo ikageuka samawati. Yenyewe haikuwa na sumu ya kutisha; kilichodhuru ni nafasi iliyoichukua. Saiklopropeni, ya mitungi ya rangi ya machungwa, ilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi, mtu alivuta kidogo akalala akitabasamu, lakini ilivuruga mapigo ya moyo, tena ilipenda moto. Hapo aligusa nyusi yake. Baadaye watu wa maabara wakachukua kaboni na haidrojeni zile zile wakazitia klorini, floraini na bromini, ikapatikana halotheni. Haiwaki, ina harufu tamu, na chini ya sehemu moja kwa mia ya hewa inatosha. Kadiri gesi inavyopenda mafuta, alisema, ndivyo inavyolaza kwa kidogo, maana ubongo una mafuta mengi. Hiyo ndiyo safu ya kwanza.

Safu ya pili, akasema, haifuati ya kwanza. Inategemea mwili unaifanyia nini gesi hiyo baada ya kuivuta. Nyingi huingia kwa pumzi na kutoka kwa pumzi. Halotheni haitoki yote. Karibu sehemu moja kwa tano hubaki nyuma na kuvunjwavunjwa na ini, na kwa watu wachache sana mwili huyachukia yale mabaki. Mara ya kwanza unaweza kuona homa tu. Mara ya pili, mwili ukiwa umekwisha kuyajua, unalishambulia ini lenyewe. Kwenye mstari wa halotheni, chini ya SUMU, aliandika kwa kalamu nyekundu: Moyo. Ini, mara ya pili.

Akatuagiza mambo mawili. Kabla ya kumlaza mtu, uliza alilazwa lini na kwa dawa gani, na kama ni halotheni na haijapita miezi mitatu, tafuta nyingine. Kama ilimwachia homa isiyo na sababu, usimpe tena maisha yake yote. Ukimaliza, andika jina la gesi kwenye fomu ili atakayekuja baada yako asibahatishe. Alipostaafu aliniachia kile kipande cha katoni. Nilikibandika ndani ya mlango wa kabati langu la nguo za thieta, yaani chumba cha upasuaji, na kila nilikohamia nilihama nacho.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa katika ile hospitali ndogo ya Hurlingham mnayoijua wengi wenu, nyuma ya Barabara ya Argwings Kodhek. Thieta moja, vitanda ishirini, na mashine ya usingizi yenye vepolaiza mbili, yale makopo mazito ya chuma yanayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke. Moja ilikuwa ya halotheni, nyingine ya isofluraini. Isofluraini ilikuwa ngeni kwetu. Nguvu yake ni pungufu kuliko ya halotheni, inabidi uzungushe kitufe mbele zaidi, na harufu yake inakohoza, lakini karibu yote hutoka jinsi ilivyoingia na ini hupumzika. Ilikuwa ghali, basi chupa zake zilifungiwa kwenye kabati la Matroni Agnes, na ufunguo ukafungiwa kwenye mkoba wa Matroni Agnes. Desturi ilikuwa kwamba ni ya wagonjwa wenye kadi za bima. Wengine wote walipata halotheni. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo popote, na ndiyo maana ilifuatwa vizuri sana.

Nami nilikuwa na desturi yangu. Kwenye safu ya dawa katika fomu niliandika herufi mbili, G.A., maana yake mgonjwa alipewa nusukaputi, basi. Gesi gani, kiasi gani, nilibaki nayo kichwani. Asubuhi yenye wagonjwa saba, herufi mbili ni nyepesi kuliko kumi. Nilijulikana kwa wepesi. Madaktari wa upasuaji, ambao hukimbia kutoka hospitali hii hadi ile kati ya Hurlingham na Westlands kama watu wanaogawa maziwa, walinipenda kwa sababu hawakuningoja hata siku moja. Nilipenda kupendwa. Naomba mliweke hilo akilini.

Kila Ijumaa nilimwaga halotheni iliyobaki kwenye vepolaiza na kuisafisha. Ina kihifadhi ambacho hakigeuki mvuke. Kinabaki chini, kinakuwa cha kahawia na kunata, na kitufe kikinata kitakudanganya kipimo. Kazi hiyo sikuiruka hata Ijumaa moja. Nashangaa mtu anavyoweza kuwa mwangalifu hivyo kwa kopo.

Mwaka wa elfu mbili na tatu alikuja Nyambura. Alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi moja ya Westlands, miaka ishirini na tisa, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka. Gari lilimgonga akivuka barabara kwenda kazini, mifupa miwili ya mkono wa kulia ikavunjika. Hakuwa na kadi. Nikamlaza kwa halotheni, daktari wa mifupa akaweka vyuma, akaamka akiuliza ni saa ngapi. Nikaandika G.A. Siku ya nne akapata homa. Wauguzi waliiandika kwenye chati na kuisingizia kidonda, ingawa kidonda kilikuwa bado kisafi. Mimi sikuiona kwa sababu sikwenda kumtazama. Mgonjwa akishaamka nilihesabu kwamba si wangu tena.

Wiki ya tatu kidonda kikatunga usaha kweli, akarudishwa kuja kusafishwa. Nilikuwa nikimfunga mkanda wa kupima presha aliponitazama akacheka.

"Daktari, ni wewe tena," akasema. "Nimewazoea sasa."

Wakati huo nilijua kila nilichopaswa kujua. Nilikumbuka kwamba nilimpa halotheni siku kumi na tisa nyuma. Nikafungua chati, nikaiona ile homa. Mwanamke, mnene, mara ya pili ndani ya mwezi, homa isiyo na sababu. Ni kama Bwana Gathogo alikuwa amenitungia mtihani na kunipa majibu pamoja nao. Nikamtuma muuguzi kwa Matroni achukue ufunguo. Akarudi akasema Matroni ameenda kwenye maduka ya Adams Arcade kuchagua vitambaa vya mapazia ya wodi, atarudi baada ya nusu saa, na mkoba ameenda nao.

Nusu saa. Nyambura hakuwa akitoka damu. Kidonda kilikuwa na siku tatu za usaha na kingengoja bila kunung'unika. Hata kungoja hakukuwa lazima, kwa maana ketamini ilikuwa pale kwenye trei, dawa ya sindano isiyopitia kwenye vepolaiza yoyote. Lakini wagonjwa wa ketamini huamka wakipayuka, na daktari wa mifupa hakuipenda. Alikuwa amekwisha kunawa, amesimama mikono juu. Aliitazama tu saa ya ukutani, na mimi nikamwona akiitazama. Nikajiambia kwamba jambo lenyewe ni la nadra, kwamba nimerudia halotheni kwa watu wengi na wote wako nyumbani kwao. Hilo lilikuwa kweli. Watu wengi huvuka barabara bila kutazama wakafika.

Nyambura alituona tukinong'ona na muuguzi.

"Ni dawa ile ile?" akauliza.

"Ile ile," nikamwambia. "Si ilikukubali vizuri?"

Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho, nikazungusha kitufe. Kazi yote ilichukua dakika kumi na sita. Daktari wa mifupa akanipiga bega akitoka, nikaandika G.A., na Matroni aliporudi na vitambaa vyake vya kijani Nyambura alikuwa tayari wodini anakunywa chai.

Alirudi nyumbani kwao Waithaka, kwa mama yake, ambaye watu humwita Mama Karanja kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku ya sita mama huyo alimrudisha hospitalini akitapika, macho yamegeuka manjano. Siku mbili baadaye akaanza kuchanganyikiwa. Alipokelewa na daktari wa magonjwa ya ndani, kijana aliyetoka kusoma, mtu makini. Akamuuliza mama kila alichompa mwanawe. Mama Karanja hakuficha. Alikuwa amempikia supu ya mifupa ya mbuzi iliyochemshwa na gome la muthiga, mti uliokuwa uani kwake, ili mkono uunge haraka. Mama yake alimpikia yeye vivyo hivyo. Daktari akaandika. Kisha akanitafuta, akanikuta kwenye chumba cha chai.

"Mzee, samahani," akasema. "Yule mgonjwa wa mkono, mlimlaza na gesi gani? Form inasema G.A. tu."

"Isofluraini," nikamwambia.

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Akashukuru, akaenda. Angeniuliza mbele ya Matroni nisingethubutu, kwa kuwa Matroni alijua idadi ya chupa zake kuliko alivyojua umri wa watoto wake. Lakini aliniuliza tukiwa wawili, nami nina mandazi mkononi, nikajibu nikitafuna. Sikuwa nimepanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe, na fomu yangu haikuwa na neno la kuupinga.

Niwaambie ukweli wa kazi hii. Jibu la kweli pengine lisingemwokoa, kwa sababu ini likishaporomoka namna ile hakuna sindano ya kulisimamisha. Sentensi hiyo nimejifunika nayo miaka mingi. Lakini aliyekuwa wodini si Nyambura peke yake. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, na kila muuguzi aliyeingia alikuwa na la kumwambia kuhusu mitishamba. Mmoja alimsema ukumbini mbele ya watu, kwamba wamama wa siku hizi bado wanafikiri wanajua kuliko hospitali. Nilikuwa nikipita na toroli la dripu. Nilipunguza mwendo, nikasikia yote, nikaendelea na safari yangu.

Nyambura alifariki Jumanne asubuhi. Karanja, kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kabete, alikaa na daktari yule katika ofisi ndogo, mama yake kando yake, akaelezwa kwamba ini la dada yake liliharibiwa na kitu kilichokuwa kwenye supu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeitwa kuleta fomu zangu. Nilimwona akigeuka kumtazama mama yake. Mama alikuwa akiikunja leso yake kwenye mapaja, anaikunjua, anaikunja tena. Nikaweka fomu mezani, nikauvuta mlango ukajifunga taratibu.

Tangu siku iliyofuata niliandika jina la gesi. Herufi zote, na kiasi, na saa ya kuanza na ya kumaliza. Nilimsumbua Matroni mpaka akachongesha ufunguo wa pili ukakaa thieta. Ninyi mliokuja baadaye mkadhani ni nidhamu niliyozaliwa nayo. Niliwafundisha safu mbili za Bwana Gathogo, niliwaonyesha katoni yenyewe, na siku moja mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza kama nimewahi kukutana na mgonjwa wa "Ini, mara ya pili". Nikasema hapana, nimesoma tu vitabuni. Akaandika kwenye daftari lake.

Miaka mitatu ikapita kabla sijamwona tena Mama Karanja. Ilikuwa Adams Arcade, mchana, nje ya duka la viatu. Yeye ndiye aliyenitambua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ni ule daktari wa usingizi," akasema. "Nyambura aliniambia uliongea na yeye vizuri. Alisema hakuogopa."

Nilimuuliza habari za nyumbani kwa sababu sikujua la kufanya na mkono wangu. Akaniambia aliukata ule mti. Akaniambia Karanja huja kumwona kila Jumapili akitoka kanisani, hukaa, husalimu, huuliza kama dawa za presha zimeisha, lakini hali chakula chake. Hata chai hanywi. Huja na chupa yake ya maji.

"Si makosa yake," akasema. "Ni mimi nilimpikia."

Nilimwambia pole, mama. Kisha nikaingia kwenye duka la viatu na kununua rangi ya viatu, nyeusi, na mimi viatu vyangu ni vya kahawia.

Miaka mingine mitatu ikapita, ukafika mwezi wa sita na ile sherehe yenu. Mtakumbuka hotuba ya Matroni Agnes. Alisema katika miaka yangu yote sikupoteza mgonjwa hata mmoja mezani. Ni kweli kabisa, mezani hakufa mtu. Mlipiga makofi, na mimi nikajikuta nimesimama nikipiga pamoja nanyi. Nilipoitazama mikono yangu nikaona haya kiasi cha kuketi kabla ya hotuba kwisha. Mlifikiri nimezidiwa na furaha, mkaniletea soda.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Waithaka na kile kipande cha katoni kwenye bahasha. Kisiki cha muthiga kilikuwa bado uani, amekiwekea beseni la kuoshea vyombo. Mama Karanja alikuwa akibambua njegere kwenye ungo. Alinipa kiti nikakikataa, nikazungumza nimesimama. Nilimwambia si supu. Nilimwambia kuhusu gesi mbili, moja kabatini na moja kwenye mashine, kuhusu ufunguo na nusu saa, na jibu nililompa daktari kwenye chumba cha chai. Nilimwonyesha maandishi mekundu ya mwalimu wangu. Hakuyatazama sana.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ile ile macho yake yalipogeuka."

"Na hapo Adams, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliendelea kubambua. Niliona ganda moja likimshinda, vidole vikiteleza, akaliweka kando na kuchukua lingine. Nilingoja anifukuze au alie, na hakufanya lolote kati ya hayo. Mwishowe alisema, bila kuinua macho, kwamba kesho ni Jumapili.

"Karanja atapita hapa. Kuja umwambie," akasema. "Nikimwambia mimi, ataona najitetea. Na uandike. Ile karatasi ya hospitali iko na supu yangu. Mimi pia nataka karatasi."

Niliandika jioni hiyo kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wangu, nikairudia mara tatu. Jina la mgonjwa. Jina la gesi, halotheni, mara mbili, siku kumi na tisa katikati. Homa ya siku ya nne iliyoonekana na kupuuzwa. Jina langu, Mutua, na saini. Ilikuwa fomu ya kwanza kamili niliyomjazia Nyambura. Nakala moja nimempelekea yule daktari wa magonjwa ya ndani, na nyingine Matroni Agnes. Watakalofanya ni juu yao na sitalikwepa.

Jumapili Karanja alikuja na chupa yake ya maji, akaiweka mezani kama mtu anayeweka kofia. Mama yake alimwambia mgeni huyu ana neno. Nikalisema lote, kisha nikampa karatasi. Aliisoma kwa utulivu wa mwalimu anayesahihisha, akafika mwisho, akaanza tena juu. Alipomaliza alinitazama muda mrefu.

"Nakukumbuka," akasema. "Ulikuwa kwa mlango. Ni wewe ulifunga."

"Ni mimi."

Aliikunja karatasi mara nne akampa mama yake, naye akaiingiza ndani ya Biblia iliyokuwa mezani. Kisha Karanja alimwambia mama yake maneno machache kwa Kikuyu, kwa sauti ya chini. Sikisikii vizuri Kikuyu, lakini neno la chai nalijua. Mama Karanja aliinuka haraka mno kwa umri wake, akashika ukingo wa meza, akaenda jikoni. Tulisikia sufuria, tukasikia kiberiti kikigoma mara mbili. Karanja alikuwa akitazama sakafu.

Mama yake akarudi na birika na vikombe viwili. Katika nyumba ile, kama kwetu Machakos, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji hupewa chai. Akamimina kimoja, akamimina cha pili, akafunika birika. Karanja akakishika chake kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa. Mama yake hakugusa chake. Alikuwa akimtazama akimeza. Nilikaa pale bila kikombe mpaka kile cha Karanja kilipoisha na akaomba kingine.